Rufaa ya Ibara ya 8 Uingereza: baba kapewa notisi ya kuondolewa, mtoto ni raia. Tunaanzia wapi?

Saidia_Jirani

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua sheria ya uhamiaji ya Uingereza, hasa rufaa za maisha ya familia na maisha binafsi (Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu). Kuna familia nawasaidia kupanga makaratasi na sitaki kuwapotosha.

Baba ni Mtanzania. Aliingia Septemba 2013 kwa viza ya mwanafunzi, kibali kikaisha Januari 2016, hakuondoka. Tangu 2017 anaishi na mwenzake, Mkenya mzaliwa wa Mombasa mwenye kibali cha kudumu. Wamefunga nikahi, ndoa ya serikali bado. Mtoto wa kwanza kazaliwa hapahapa 2018 na ana pasipoti ya Uingereza. Wa pili kazaliwa wiki sita zilizopita. Baba hana kesi yoyote ya jinai. Aliomba kibali kwa misingi ya familia, Home Office (Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza) wamemkatalia. Barua ni ya siku sita zilizopita, na pamoja nayo kuna notisi inayosema anastahili kuondolewa nchini. Hoja yao kubwa: mtoto anaweza kubaki na mama yake, na baba atawasiliana nao kwa simu na video.

Maswali yangu:

1. Rufaa inakatwa dhidi ya notisi au dhidi ya barua?
2. Wanaweza kumpandisha ndege wakati rufaa inaendelea?
3. Wamekusanya barua ishirini na mbili za majirani na waumini wa msikitini. Zinatosha?
4. Kuna mtu kamshauri aondoke mwenyewe, aombe viza ya mwenza akiwa Dar es Salaam. Ni ushauri mzuri?

---

Kifungu82

Ndugu, shughulikia siku kwanza, hoja zitafuata. Aliye ndani ya Uingereza ana siku 14 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama mtu aliifungua wiki moja baadaye. Kwenu zimebaki nane.

Mnachokatia rufaa ni barua. Tangu Sheria ya Uhamiaji ya 2014, uamuzi wa kumwondoa mtu nchini hauna rufaa yake wenyewe. Kinachokatiwa rufaa, chini ya kifungu cha 82 cha Sheria ya Uraia, Uhamiaji na Hifadhi ya 2002, ni kukataliwa kwa dai la haki za binadamu, na maombi ya familia aliyopeleka yanahesabika kuwa dai hilo. Watu wengi wanapotelea hapa. Mtu aliyepewa notisi bila kuwahi kuomba chochote hana cha kukatia rufaa. Lazima aweke dai, likataliwe, ndipo mlango ufunguke. Na yule aliyemaliza rufaa zake miaka ya nyuma akapeleka maelezo mapya, ni lazima kwanza maelezo hayo yakubaliwe kuwa dai jipya chini ya aya ya 353 ya Kanuni za Uhamiaji. Yasipokubaliwa hapati rufaa, anabaki na mapitio ya mahakama tu (judicial review, yaani kuomba jaji achunguze kama uamuzi ulifuata sheria).

Kabla ya kulipa hata senti, nenda kurasa za mwisho za barua, utafute sehemu inayoeleza haki ya rufaa. Ikisema anaweza kukata rufaa akiwa ndani ya nchi, endeleeni. Ikisema dai limethibitishwa kuwa ni wazi halina msingi chini ya kifungu cha 94, simameni: Baraza (mahakama ya rufaa za uhamiaji) halitapokea rufaa hiyo. Njia itakuwa mapitio ya mahakama, ambayo hufunguliwa haraka na kwa vyovyote ndani ya miezi mitatu, na huko msiende bila wakili.

Rufaa inafunguliwa mtandaoni, Baraza la Ngazi ya Kwanza, Chemba ya Uhamiaji na Hifadhi. Ada ni pauni 80 kama mnataka jaji asome karatasi tu, pauni 140 kama mnataka kusikilizwa. Lipeni 140. Rufaa ya Ibara ya 8 inasimama juu ya uhusiano wa watu, na jaji asiyewaona wala kuwasikia hana pa kuushika uhusiano huo zaidi ya hoja za Home Office zilizochapwa vizuri. Anayepata msaada wa serikali ya mtaa chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 halipi, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asilipe.

Msingoje ushahidi ukamilike. Fomu inataka barua ya uamuzi, namba ya marejeo ya Home Office, na sababu. Sababu inayokubalika kisheria ni moja tu: kwamba uamuzi unakiuka kifungu cha 6 cha Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, yaani unaingilia maisha ya familia na maisha binafsi chini ya Ibara ya 8 kupita kiasi kinachohalalika. Ongezeni sentensi tatu nne kuhusu mtoto. Kabrasha la ushahidi na muhtasari wa hoja vitafuata kwa tarehe ambazo Baraza litawapa, baada ya Home Office kuleta kabrasha lao.

Swali la pili. Kifungu cha 78 cha ile Sheria ya 2002 kinakataza kumwondoa mtu aliyekata rufaa ndani ya nchi wakati rufaa haijaamuliwa. Kinga hiyo inaanza rufaa ikishafunguliwa, si siku mnayopanga kuifungua. Lakini haimpi kibali. Angekuwa ameomba kabla kibali chake hakijaisha, kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971 kingemwendelezea kibali cha zamani pamoja na haki ya kufanya kazi. Yeye alipitiliza, kwa hiyo hana. Asifanye kazi, na kama ameamriwa kuripoti, aripoti kila tarehe. Kukosa kuripoti kunageuka aya nzima kwenye hoja za upande wa pili.

Swali la nne: hapana. Rufaa iliyofunguliwa ndani ya nchi huhesabiwa imeachwa mara tu mkata rufaa anapovuka mpaka kabla haijaisha. Na viza ya mwenza kutoka Dar ina masharti yake: kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kwa maombi yaliyoanza tangu tarehe 11 Aprili 2024, cheti cha Kiingereza, cheti cha kupimwa kifua kikuu. Mama mwenye mtoto wa wiki sita ataufikiaje mshahara huo peke yake mwaka huu? Aliyetoa ushauri huo hakuulizwa swali hilo.

---

Shangazi_wa_Reading

Mdogo wangu, Kifungu82 amemaliza upande wa utaratibu. Mimi naomba nibaki kwenye mtoto, kwa sababu kesi hii ni ya mtoto kuliko ilivyo ya baba.

Sheria ya 2002 ina Sehemu ya 5A, iliyoingizwa 2014, inayomwambia jaji apime nini. Ukisoma kifungu cha 117B kwa haraka utakata tamaa: uzito mdogo upewe maisha binafsi yaliyojengwa mtu akiwa hana kibali, na uzito mdogo upewe uhusiano na mwenza ulioanza katika hali hiyohiyo. Baba huyu alianza kuishi na mama 2017, kibali kikiwa kimekwisha. Home Office wataisoma aya hiyo kwa sauti.

Sasa soma tena. Aya ya 4 inataja maisha binafsi na mwenza. Haitaji mtoto. Kisha ruka hadi aya ya 6: kwa mtu ambaye hafukuzwi kwa sababu ya jinai, maslahi ya umma hayadai aondolewe ikiwa ana uhusiano wa kweli na hai wa mzazi na mtoto anayestahiki, na si jambo la haki kutarajia mtoto huyo aondoke Uingereza. Mtoto anayestahiki ni aliye chini ya miaka 18 ambaye ni raia wa Uingereza, au ambaye ameishi huku miaka 7 au zaidi mfululizo. Mtoto wenu anaingia kwa milango yote miwili. Aya ya 6 ikitimia, mizani inafungwa. Zile aya za uzito mdogo hazina pa kushika tena.

Hoja ya "mtoto atabaki na mama" ndipo inapojikwaa. Inaonekana ya busara: mtoto haondoki, kwa hiyo kwa nini tuulize kama ni haki aondoke? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 2019 katika AB (Jamaica), [2019] EWCA Civ 661: swali lazima liulizwe hata kama mtoto kwa kweli hatatoka, atabaki na mzazi mwingine. Jaji anajiuliza: je, ingekuwa haki kumtarajia mtoto huyu aondoke? Kama jibu ni hapana, na uhusiano na baba ni wa kweli, rufaa inakubaliwa. Andikeni namba ya kesi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa muhtasari wa hoja.

Kuhusu makosa ya baba, Mahakama ya Juu ilisema 2018 katika KO (Nigeria), [2018] UKSC 53, kwamba mwenendo wa wazazi hautumiwi kama adhabu kwa mtoto wakati wa kuuliza lililo haki kwake. Mzizi wake ni kesi ya mama wa Kitanzania, ZH (Tanzania), [2011] UKSC 4. Yule mama alikuwa ameomba hifadhi zaidi ya mara moja, tena kwa majina yasiyo yake. Historia mbaya kuliko ya huyu baba, mbali sana. Watoto wake wawili walikuwa raia wa Uingereza, wenye umri wa miaka 12 na 9. Lady Hale aliandika kwamba maslahi ya mtoto ni jambo la kuzingatiwa kwanza, kwamba uraia wa mtoto una uzito wa pekee ingawa peke yake haumalizi kesi, na kwamba watoto hawabebeshwi lawama za mama yao. Mama alishinda. Ni faraja kwamba msingi huu tunaoutegemea sote uliwekwa na familia yenye asili ya kwetu.

Tahadhari moja kubwa. Haya yote ni kwa mtu *anayeondolewa* kwa kukosa kibali. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi *anafukuzwa*, na kwake aya ya 6 haipo. Anakwenda kifungu cha 117C ambako lazima aonyeshe kwamba athari kwa mtoto au mwenza ni kali kupita kiasi. Akihukumiwa miaka minne au zaidi, kizingiti kinapanda tena. Ukimshauri mtu wa kundi hilo kwa maneno niliyoandika hapa, utamwumiza.

---

Saidia_Jirani

Asanteni sana. Barua inasema anaweza kukata rufaa akiwa ndani, hakuna kifungu cha 94. Wamefungua na kulipa 140 asubuhi hii.

Sijaelewa kuhusu mtoto wa pili. Alizaliwa baada ya maombi kupelekwa. Anaingia tu kwenye rufaa? Na zile barua ishirini na mbili?

---

Kifungu82

Mtoto wa pili haingii hivihivi. Kifungu cha 85(5) cha Sheria ya 2002 kinamkataza jaji kusikiliza "jambo jipya" bila Home Office kuridhia. Jambo jipya ni hali ya kweli ambayo Home Office hawajawahi kuipima, wala haikuwemo kwenye tamko lililotolewa kwa mujibu wa kifungu cha 120 (maelezo ya sababu zote za mtu kutaka kubaki nchini). Angalieni maombi ya kwanza: ujauzito ulitajwa? Barua ya uamuzi imeuzungumzia? Kama ndiyo, kuna hoja nzuri kwamba cheti cha kuzaliwa ni ushahidi mpya wa jambo la zamani. Kama haukutajwa popote, ombeni ridhaa leo, kwa maandishi, kupitia mfumo uleule wa rufaa, mkiambatisha cheti kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili. Elezeni kwamba mtoto ni raia kwa kuzaliwa, kwa kuwa mama ana kibali cha kudumu.

Kinachoharibu ni kuliibua siku ya kusikilizwa. Afisa wa Home Office atasema hana maelekezo ya kuridhia, na hapo mna mawili: kuahirisha kwa miezi, au kuendelea kana kwamba mtoto hayupo. Jaji hana uwezo wa kuridhia kwa niaba yao.

Hilo lisichanganywe na ushahidi mpya. Ripoti mpya ya shule, barua mpya ya daktari, hata kama ni za wiki iliyopita, zinapokelewa, maana jaji anaiangalia hali ilivyo siku ya kusikilizwa.

---

Mpanga_Kabrasha

Nizungumzie zile barua, kwa sababu kabrasha ndilo linaloamua na ndilo linaloharibiwa zaidi.

Barua ishirini na mbili za "ni mtu mwema, mcheshi, anasaidia jamii, tunaomba abaki" zina thamani ya barua moja. Chagua tatu za watu walioona jambo wenyewe na walio tayari kuja kuulizwa. Zilizobaki weka kando. Kila barua unayoongeza inamchosha jaji mwenye asubuhi moja ya kusoma kabrasha lote.

Swali la kwanza la aya ya 6 ni kama uhusiano wa mzazi ni wa kweli na hai. Unathibitishwa kwa karatasi zilizoandikwa na watu wasio na sababu ya kumpendelea baba, kabla kesi haijaanza. Shule ndiyo ya kwanza. Barua mbaya ya shule inasema: "Tunathibitisha mtoto anasoma hapa na baba yake anajihusisha." Barua nzuri iko kwenye karatasi yenye nembo, ina tarehe, ina jina na cheo cha aliyeandika, na inasema: baba ndiye humleta saa mbili na dakika arobaini, siku nne kati ya tano, amehudhuria vikao vitatu vya wazazi kati ya vinne, ni wa kwanza kwenye orodha ya kupigiwa simu mtoto akiugua, mtoto yuko mwaka wa tatu, anasoma kwa kiwango hiki, anapata msaada huu wa usemi, na tangu mwezi fulani mwalimu ameona mabadiliko haya. Msiwaandikie shule cha kusema. Wapeni maswali, wajibu wenyewe wanachokijua.

Kisha rekodi za GP (daktari wa familia) za mtoto. Kule ndani huwa kuna mstari mmoja tu, "attended with father" (amekuja na baba), wenye tarehe, ulioandikwa na nesi asiyejua lolote kuhusu uhamiaji. Mstari huo unazidi ukurasa mzima wa sifa. Ombeni nakala za rekodi za mtoto, za baba, na faili la baba lililoko Home Office. Kuomba ni bure na wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo ombeni wiki hii. Faili la Home Office linasaidia pia kuona walichoandika kwa ndani na maombi ya zamani ambayo mtu ameyasahau. Mnataka mlione ninyi kabla baba hajaulizwa juu yake mbele ya jaji.

Maelezo ya baba na ya mama yaandikwe kila mmoja peke yake. Nimesisitiza kwa sababu maelezo mawili yenye sentensi zilezile ni alama ya kalamu moja, na afisa ataanzia hapo. Yaanze na siku ya kawaida: nani anaamka, nani anasuka nywele, nani anajua mtoto anaogopa nini usiku, nani anasaini karatasi za safari ya shule. Halafu yajibu barua ya kukataliwa aya kwa aya, kwa namba zake. Wamesema video inatosha? Mama aeleze mtoto wa miaka saba anakaa kwenye simu dakika ngapi kabla hajainuka kwenda kucheza, na nani atamwogesha mdogo wakati yeye yuko kazini zamu ya usiku. Mwisho wa maelezo kuna tamko la ukweli, saini na tarehe. Yakiandikwa kwa Kiswahili yaambatane na tafsiri yenye jina la mfasiri, mawasiliano yake, saini, na kauli kwamba tafsiri ni sahihi.

Jumbe za WhatsApp: msichape kurasa mia nne. Ukurasa mmoja au miwili kwa mwezi, yenye tarehe, na kila neno la Kiswahili limetafsiriwa. Jaji hawezi kupima asichoweza kusoma.

Kuhusu "haki kumtarajia mtoto aondoke", onyesheni mizizi: miaka aliyokaa, hatua ya masomo, lugha, marafiki, bibi au shangazi walio huku, matibabu, na kule ambako angepelekwa kukoje kwake yeye, mtoto huyu mwenye jina, si kwa watoto kwa ujumla. Picha za mtoto akiwa likizo Kariakoo mwaka juzi zitatumika dhidi yenu, kwa hiyo kama zipo, maelezo yazitaje na kueleza: alikaa wiki mbili, nyumba ya wageni, hakusoma shule.

Ripoti ya ofisa ustawi wa jamii wa kujitegemea inasaidia sana pale ambapo mtoto ana hali ya pekee, au wazazi hawaishi pamoja. Kwa familia inayoishi nyumba moja na shule inayoandika vizuri, pesa hiyo ingetosha kumlipa wakili wa siku ya kusikilizwa, na mimi ningechagua wakili. Mkiiagiza, ofisa afike nyumbani, amwone mtoto na baba pamoja, azungumze na mtoto peke yake, na aandike wajibu wake ni kwa Baraza. Ripoti ya mazungumzo ya simu ya nusu saa huwa inapewa uzito mdogo, na inastahili.

---

Nyali_Glasgow

Shikamooni wakubwa, na nyote hamjambo. Naongeza mambo ya kwetu ambayo mawakili wa huku mara nyingi hawayajui, na Home Office wanayajua.

Mama akiwa bado raia wa Kenya, watoto ni Wakenya kwa kuzaliwa hata kama wamezaliwa Leicester. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo, na Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kupitia baba ni Watanzania kwa nasaba, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia mwingine pamoja na wa Tanzania, kwa hiyo wakifika 18 wangelazimika kuchagua. Afisa atasema: familia nzima ihamie Mombasa, au Dar, wote wanaongea Kiswahili. Jibu msilitafute barazani. Je, baba, Mtanzania, ana haki gani ya kuishi na kufanya kazi Kenya? Kibali cha kudumu cha mama Uingereza kitakuwaje akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo? Kinaisha. Mtoto anaongea Kiswahili cha kuelewa "njoo ule" au cha kusomea sayansi darasani? Mama aseme kweli. Nimeona maelezo yanasema mtoto haelewi neno la Kiswahili, halafu kwenye WhatsApp iliyomo kabrasha hilohilo anamwimbia bibi yake. Kesi haikufa kwa wimbo. Ilikufa kwa sababu jaji hakuamini tena mengine.

Mkalimani: fomu inauliza lugha na lahaja. Baraza linaleta mkalimani bila malipo. Kama baba anafikiri kwa Kiswahili, aombe, hata kama Kiingereza anakijua cha kazini. Semeni ni Kiswahili cha Tanzania. Mtu wa Bukavu kupewa mkalimani wa Unguja, au Mbajuni kupewa wa Nairobi, ni chanzo cha majibu yanayoonekana kupingana. Mkalimani akikosea, sema palepale, jaji ataandika. Kulalamika baada ya hukumu ni kazi ngumu.

---

Shangazi_wa_Reading

Nyali, hapo kwenye mkalimani tuongeze jambo. Kifungu cha 117B(2) kinataja kujua Kiingereza, na nimesikia watu wakiogopa kuomba mkalimani kwa sababu hiyo. Kujua Kiingereza, na kujitegemea kifedha kwenye aya ya 3, havimwongezei mtu alama. Kutokuwa navyo ndiko kunakohesabiwa dhidi yake. Baba alisoma chuo huku, aweke cheti chake kwenye kabrasha, kisha atumie mkalimani kwa amani. Hilo la kujitegemea nalo lilifafanuliwa na Mahakama ya Juu Novemba 2018, [2018] UKSC 58, katika kesi ya mwanamke wa Kitanzania: maana yake ni kutoitegemea serikali. Kutegemea mwenza, ndugu au rafiki si kosa. Kesi hiyohiyo ndiyo iliyosema kila kibali kisicho cha kudumu ni hali isiyo ya uhakika, kwa hiyo miaka yake ya viza ya mwanafunzi, 2013 hadi 2016, nayo haitambebea mengi kwenye maisha binafsi. Ndiyo maana nasema wekeni nguvu kwa mtoto, maisha binafsi yawe hoja ya pili, kurasa mbili zinatosha.

Na nikahi. Pasipo ndoa ya serikali, wathibitishe uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka miwili: mkataba wa nyumba, bili, barua za benki zenye anwani moja, mbili tatu kwa kila mwaka tangu 2017. Hilo ni la upande wa mwenza. Kwa aya ya 6 ndoa haihitajiki kabisa.

---

Kifungu82

Nimalizie pesa na siku ya kusikilizwa.

Kwa England na Wales, kesi za Ibara ya 8 za watu wazima zilitolewa kwenye msaada wa kisheria wa serikali Aprili 2013. Kimebaki ufadhili wa kesi za kipekee, kifungu cha 10 cha sheria ya 2012 iitwayo LASPO, na mtu anaweza kuuomba mwenyewe bila wakili. Aliye Scotland, kama Nyali, ana nafasi nzuri zaidi, kule msaada bado upo. Wa kuwalipa kutoka mfukoni awe wakili aliyesajiliwa au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo kilichokuwa kikiitwa OISC hadi Januari 2025, tena wa ngazi ya 3, maana wa ngazi ya 1 haruhusiwi kusimama barazani. Kutoa ushauri wa uhamiaji kwa kazi bila usajili ni kosa la jinai. Na wewe, Saidia_Jirani, wasaidie kukusanya na kupanga kama ulivyosema. Hoja za kesi yao waziandike na aliyesajiliwa.

Siku yenyewe: baba anathibitisha maelezo yake, afisa wa Home Office anamhoji, wakili wake anarudi kufafanua, kisha mama, kisha mashahidi, ambao wanangoja nje ya chumba hadi zamu yao. Mtoto asiletwe. Maswali yatakuwa madogo kuliko mnavyotarajia: mwalimu wake anaitwa nani, alichanjwa lini mara ya mwisho, anakula nini asubuhi. Asiyejua aseme sijui. Kiwango cha uthibitisho ni kile cha kesi za madai, yaani kuna uwezekano zaidi kwamba ni kweli kuliko si kweli. Hukumu huja kwa maandishi baadaye.

Wakishinda, Home Office nao wana siku 14 za kuomba ruhusa ya kwenda Baraza la Juu, kwa hiyo kibali hakiji kesho yake. Kikija kwa kawaida ni cha miezi 30. Wakishindwa, nao wana siku 14 tangu hukumu ilipotumwa, na wanaomba kwanza kwa Baraza lilelile la Ngazi ya Kwanza. Huko hakisikilizwi tena kisa. Lazima waonyeshe kosa la kisheria: jaji hakuuliza swali la aya ya 6, aliruka ushahidi wa shule bila kusema kwa nini, alimhukumu mtoto kwa makosa ya baba. "Jaji hakutuamini" peke yake haipiti.

Kwa sasa: maombi ya rekodi za GP na faili la Home Office yatoke leo, na ridhaa ya mtoto wa pili iombwe kabla ya wiki kuisha. Muulize mama kama kwenye maombi ya kwanza waliandika ni mjamzito, uniandikie hapa aya yenyewe ilivyo.